Kasi ya Muogeleaji Kijana: Nguvu Huja Mwisho



Katika somo letu hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi wa pwani hudhani kuwa halina haja ya kufundishwa, nalo ni kuogelea. Husemwa kuwa mtoto aliyezaliwa Mombasa au Lamu hahitaji mwalimu wa maji, kwani bahari yenyewe ndiyo iliyomlea. Maneno haya yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huweza kumpoteza mtu zaidi kuliko ujinga mtupu, kwa sababu mjinga huuliza, lakini mwenye nusu hujiona ametosheka.

Ni kweli kwamba watoto wetu wengi hujifunza kuelea na kupiga mbizi kabla ya kujua kusoma. Lakini kuelea ni jambo moja, na kwenda kwa kasi katika umbali uliopimwa ni jambo jingine. Mtoto huyo apelekwapo katika kidimbwi cha kuogelea kushindana na wenziwe waliofunzwa, huachwa nyuma ilhali huenda ana nguvu kuwapita wote. Hapo mzazi wake husimama ukingoni akampigia kelele: “Tia bidii! Piga mikono!” Naye hutia bidii, na kadiri anavyozidisha ndivyo anavyochoka na kuachwa. Baada ya mara mbili tatu huamini kuwa yeye hafai, akaacha kabisa. Mtoto kama huyu hakupungukiwa na nguvu. Alipungukiwa na mtu wa kumwonyesha la kufanya kwa nguvu hizo.

Basi neno tulilolikusudia ni hili: kasi ya majini huanza kwa kupunguza kile kinachomzuia muogeleaji, kisha huja kuyashika maji sawasawa, na mwisho kabisa ndipo huja nguvu. Mwenye kuupindua mpango huu hujenga nyumba kwa kuanzia paa.

MTINDO HUU NA ASILI YAKE

Mtindo tuuzungumziao ni ule wa kulala kifudifudi, mikono ikapokezana juu ya maji, na miguu ikapiga juu na chini bila kukoma. Ndio utumiwao na karibu kila mtu katika mashindano yaitwayo ya mtindo huru, kwa kuwa katika mitindo yote ndio wenye mbio zaidi.

Yafaa vijana wetu wajue kuwa elimu hii haikuzaliwa Ulaya. Katika mwaka 1844 watu wa kabila la Ojibwe kutoka Amerika ya Kaskazini walishindana kuogelea mjini London kwa kurusha mikono juu ya maji. Waingereza waliowatazama waliona kuwa huo ni mwendo wa fujo na wa kurusha maji ovyo, wakabaki na mtindo wao wa chura. Miaka mingi ikapita. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Alick Wickham, kijana aliyetoka Visiwa vya Solomon, aliogelea mjini Sydney kwa mwendo wa kwao, na waogeleaji wa Australia, wakiwamo ndugu wa ukoo wa Cavill, wakautazama na kuuiga. Kisha Duke Kahanamoku, mwana wa visiwa vya Hawaii, akashinda mita 100 za mtindo huru katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na tena Antwerp mwaka 1920. Kwa hivyo watu wa visiwani walikuwa na hazina. Lakini hazina hiyo ilizaa matunda makubwa pale ilipochunguzwa, ikapimwa, na kufundishwa kwa utaratibu. Na sisi tulio watu wa bahari twaweza kufanya vivyo hivyo.

KWA NINI MAJI HUMSHINDA MWENYE NGUVU

Tarehe 31 Julai 2024, katika Olimpiki ya Paris, Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40, ikawa ni rekodi ya dunia. Ukigawanya umbali kwa wakati, utaona kuwa alikwenda mita 2 na kidogo kwa kila sekunde. Mtu mzima akikimbia polepole barabarani aweza kufuatana naye. Je, ni nini kilichomzuia bingwa wa dunia asipite mwendo huo? Ni maji. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, wala hayampishi mtu bure.

Tena kuna kanuni ambayo kila mwalimu hana budi kuijua. Muogeleaji akitaka kuongeza mwendo wake mara mbili, maji humzuia takriban mara nne, na kazi impasayo kufanya kwa kila sekunde hufika mara nane. Maana yake ni kwamba nguvu inunuayo kasi majini ni ghali mno. Mtoto akiongeza nguvu nyingi atapata kasi kidogo. Lakini akiulaza mwili wake vizuri, kizuizi hupungua, na nguvu ile ile aliyokuwa nayo jana humpeleka mbali zaidi leo. Faida hii haimgharimu jasho, yamgharimu usikivu tu.

JAMBO LA KWANZA: MWILI ULALE

Kila baharia ajua kuwa chombo kilichopakiwa shehena yote tezi, omo ikainuka, hakiendi. Mwili wa mtu ni kama chombo hicho. Kifua kina hewa, nacho huelea. Miguu ni mizito, nayo huzama. Muogeleaji akiinua kichwa kutazama mbele, kiuno hushuka, miguu hufuata, na mwili wote husimama kama ukuta mbele ya maji.

Hapa ndipo penye tatizo la mtoto wa pwani. Baharini amezoea kuinua kichwa, na ana haki kufanya hivyo, kwani hutazama wimbi, mtumbwi na ufuo. Tena maji ya chumvi humwinua: lita moja ya maji ya bahari huzidi lita ya maji matamu kwa takriban gramu 25 za uzito. Aingiapo kidimbwini, chumvi ile iliyokuwa ikimbeba haipo, bali tabia ya kuinua kichwa angali nayo. Mwalimu asimlaumu kwa tabia iliyomlinda baharini. Amweleze tu kuwa mahali pamebadilika.

Zoezi lake ni hili. Kijana asukume ukuta kwa miguu, anyooshe mikono mbele, kiganja juu ya kiganja, masikio yakiwa baina ya mikono, na macho yakitazama chini sakafuni. Asipige mguu wala mkono. Ateleze tu mpaka asimame mwenyewe. Arudie mara kumi, na kila mara mwalimu atie alama mahali aliposimama. Siku atakapovuka alama ya jana bila kutumia nguvu zaidi, atakuwa ameelewa somo kwa mwili wake, na maelezo mengi hayatahitajika.

JAMBO LA PILI: PUMZI

Mtoto asiyejua kupumua hujaribu kufanya kazi mbili juu ya maji kwa nafasi ya kazi moja: kutoa hewa na kuvuta hewa. Hachelewi kukosa wakati, akainua kichwa, na yale tuliyoyajenga katika jambo la kwanza yakabomoka.

Dawa yake ni kutoa pumzi ndani ya maji, polepole na bila kukatiza, kwa pua na mdomo, mpaka mapovu yaonekane. Kisha, mkono mmoja uishiapo nyuma, bega la upande huo lipandapo, kichwa kigeuke pamoja na bega hilo bila kuinuka. Jicho moja libaki ndani ya maji na jingine litoke. Mdomo uvute hewa upesi, na uso urudi chini kabla mkono haujaingia majini. Ni vyema mtoto afunzwe kupumua pande zote mbili, kulia na kushoto, ili mwili usizoee kupinda upande mmoja kama mti uliopigwa na kusi miaka mingi.

JAMBO LA TATU: MIGUU

Wengi hudhani miguu ndiyo injini. Katika mtindo huu sehemu kubwa ya mwendo hutoka mikononi. Miguu husaidia kusukuma, lakini kazi yake ya kwanza ni kuuweka mwili mlalo na kuutuliza. Mguu uanzie nyongani, goti lilegee kidogo tu, na kifundo cha mguu kilegee hasa, vidole vikielekea nyuma. Mtoto apigaye kwa goti, kama mwenye kuendesha baiskeli, hujizuia mwenyewe kwa mapaja yake. Pigo liwe dogo na la haraka, na kisigino kiguse uso wa maji bila kurusha maji hewani.

JAMBO LA NNE: MKONO USHIKE MAJI

Mkono uingie mbele ya bega lake wala usivuke kwenda upande wa pili, kwani ukivuka mwili hupinda kama nyoka. Ukisha kuingia unyooke mbele. Sasa laja jambo lililo gumu kuliko yote: kiwiko kibaki juu, na vidole vielekezwe chini, mpaka kiganja na kigasha, yaani sehemu iliyo baina ya kiganja na kiwiko, viwe kama kafi moja pana. Hapo kijana aupeleke mwili wake mbele kupita mahali alipolishika maji, mpaka mkono ufike pajani. Mwenye kupiga kafi hodari halirushi maji. Huliegemea, na mtumbwi ukapita. Vivyo hivyo muogeleaji.

Kosa lionekanalo mara nyingi ni kiwiko kushuka kwanza. Kiwiko kikishuka, mkono huyakandamiza maji kwenda chini, na mwili hupanda badala ya kwenda mbele. Ili mtoto ahisi tofauti, na aogelee urefu mmoja akiwa amefumba ngumi, kisha urefu wa pili viganja vikiwa wazi. Kwa ngumi atalazimika kukitumia kigasha. Akifungua viganja ataona kama amepewa mikono mipya. Zoezi jingine ni la mkono kumngoja mwenzake: mkono wa mbele usianze kuvuta mpaka wa pili umeufikia. Hilo humfunza subira na kuunyosha mwili.

HESABU YA MIKONO

Baada ya hayo mwalimu aweza kutoa saa, lakini saa peke yake haitoshi. Aitie na hesabu ya mikono. Kila mkono uingiapo majini uhesabiwe ni mmoja.

Tuseme kijana amevuka mita 25 kwa mikono 25 na sekunde 25. Tukiacha umbali alioupata kwa kusukuma ukuta, ili hesabu iwe nyepesi, kila mkono wampa mita moja na wamchukua sekunde moja. Mzazi mwenye haraka atamwambia aharakishe mikono. Aiharakishe mpaka kila mmoja uchukue nusu na robo ya sekunde na kidogo, yaani sekunde 0.8, lakini kwa haraka hiyo maji yamponyoke, ahitaji mikono 32. Zidisha: 32 mara 0.8 ni sekunde 25.6. Amechoka zaidi na amechelewa zaidi. Sasa mchukue kijana yule yule, mfundishe kulala na kushika maji mpaka avuke kwa mikono 20, kwa mwendo ule ule wa sekunde moja kwa mkono. Amefika kwa sekunde 20. Tofauti hiyo haikutoka katika misuli.

Alexander Popov wa Urusi, aliyeshinda mita 50 na mita 100 za mtindo huru katika Olimpiki ya mwaka 1992 na tena ya mwaka 1996, alisifika kwa mkono wake mrefu uliotulia. Na mwalimu wake, Gennadi Touretski, alijulikana kwa kumrudisha tena na tena katika mwendo sahihi kwa polepole kabla ya mwendo wa mbio. Ikiwa bingwa wa dunia hakuona aibu kwenda polepole, mtoto wa miaka kumi ataoneaje aibu?

MPANGO WA SIKU MOJA YA MAZOEZI

Kwa mtoto wa miaka kumi hadi kumi na minne aliyekwisha kujua kuelea, siku tatu kwa juma, saa moja kwa kila siku, zatosha kwa mwanzo.

1. Dakika kumi za kuogelea polepole, kwa kuupasha mwili moto.

2. Dakika kumi na tano za kuteleza kutoka ukutani, kupiga miguu akiwa amelala ubavu, na kutoa pumzi majini.

3. Mita 25 mara nane, akipumzika nusu dakika baina yake, akihesabu mikono. Hesabu ikipanda, apumzike zaidi. Asilazimishwe kuendelea na mwendo ulioharibika, kwani mwili hukariri kosa kama ukaririvyo sawa.

4. Mita 12 mara sita kwa kasi yake yote, akipumzika dakika moja au zaidi baina yake. Kasi hufunzwa kwa umbali mfupi na mwili uliopumzika. Mtoto aliyechoka hujifunza uchovu tu.

5. Kuruka mwanzo na kusukuma ukuta mara chache. Muogeleaji huwa na mbio zaidi pale atokapo ukutani kuliko mahali pengine popote, na sheria za mashindano humruhusu kubaki chini ya maji mpaka mita 15. Mtoto anyookapo vizuri hapo hupata mita asizozifanyia kazi.

6. Dakika tano za polepole, kisha atoke.

Tena mwalimu asimsahihishe mambo matano kwa wakati mmoja. Amchagulie moja kwa siku, na akilipata amwambie kuwa amelipata.

SHUBUHA NA JAWABU ZAKE

Huenda mtu akasema: “Mbona mabingwa wa mita 50 twawaona wakizungusha mikono kwa haraka kubwa?” Tutamjibu kuwa ni kweli, na kijana wetu naye atafika huko. Lakini mikono yao, pamoja na haraka hiyo, ingali imeyashika maji. Haraka yao imejengwa juu ya msingi, haikuwekwa mahali pa msingi.

Na mwingine aweza kusema: “Mwanangu aliwashinda wote alipokuwa na miaka kumi na mmoja, wala hakufunzwa lolote katika haya.” Jawabu ni kwamba watoto hawabaleghi kwa wakati mmoja. Aliyetangulia kukua hushinda kwa urefu na ukubwa wa mwili. Miaka mitatu baadaye wenziwe nao hukua, na hapo ushindi humwendea mwenye mwendo ulio sawa. Wazazi wengi huona wakati huo kuwa mtoto wao amekuwa mvivu, wakamkaripia, kumbe hajapungua hata kidogo. Wenziwe ndio waliomfikia.

Na wa tatu atasema: “Mambo haya ni ya nchi za wengine, si ya Mkenya.” Huyu tumkumbushe Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliyefika fainali ya mita 100 za mtindo wa kipepeo katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akawa wa tano, na mwaka 2010 akatwaa dhahabu ya mita 50 za mtindo huo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Mtindo wake ni mwingine, lakini maji ni yale yale na kanuni zake ni zile zile.

TAHADHARI

Kwanza, bega likiuma, mazoezi ya mikono yasimame siku hiyo. Bega hurudia kazi moja mara mamia kwa saa moja, na mtoto angali akikua. Makafi ya plastiki yavaliwayo viganjani yasitumiwe na watoto wadogo.

Pili, asiruhusiwe kuvuta pumzi nyingi za haraka kisha kupiga mbizi ili aone atabaki chini muda gani. Pumzi hizo huondoa hewa chafu inayomhimiza mtu kupumua, na mtoto huweza kupoteza fahamu chini ya maji bila kuhisi dalili yoyote. Mchezo huu umewaua waogeleaji hodari, si wanagenzi tu.

Tatu, afanyaye mazoezi baharini asiwe peke yake kabisa. Aogelee sambamba na ufuo, mahali anapoweza kusimama, na mtu mzima awe akimtazama yeye, si simu yake. Wakati wa bamvua mikondo ya milangoni huwa mikali, wala haimjui bingwa. Na baharini arudie kuinua kichwa mara kwa mara kutazama mbele, kwani tabia ile tuliyomwondolea kidimbwini huku bado ni ngao yake. Kujua kila jambo na mahali pake ndiko kuelimika.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kila msomaji mwenye kijana ajiulize haya atakapokuwa ukingoni juma lijalo, kabla hajafungua kinywa kumhimiza. Macho ya mtoto yanatazama wapi, chini au mbele? Mapovu yanaonekana usoni pake? Kiwiko chake ki juu au kimeshuka? Amevuka kwa mikono mingapi, na juma lililopita ilikuwa mingapi? Na la mwisho: atokapo majini, je, ana hamu ya kurudi kesho? Akiwa nayo, yaliyosalia yote yaweza kufundishika.